Kijana Mgonjwa wa Moyo Akabidhiwe Ugonjwa Wake

Mwulizeni kijana wa miaka 17, aliyehudhuria kliniki ya moyo tangu utotoni, dawa yake inaitwaje. Mara nyingi atamtazama mama yake. Mama ndiye ajuaye jina la dawa, siku ya sindano na mahali lilipo daftari la kliniki.

Vijana wengi wa namna hii nchini kwetu waliugua homa ya baridi yabisi. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na huweza kuharibu valvu, yaani milango ya moyo. Mgonjwa huhitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, ili homa isirudi. Aliyewekewa valvu ya bandia, ile ambayo watu huiita ya chuma, humeza wafarini kila siku maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa ikipungua, damu huganda kwenye valvu. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu.

Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na upasuaji ambao zamani wengi waliufuata India hufanyika hapa hapa. Watoto wanapona na kukua. Lakini siku moja kijana huambiwa: "Wewe sasa ni mtu mzima, nenda kliniki ya wakubwa." Hupewa karatasi, basi. Huko daktari ni mgeni, naye huona haya kuuliza. Kwa kuwa hasikii maumivu, haoni sababu ya kurudi. Wengine hurudi wakiwa wamebebwa.

Maoni yangu ni haya: tusimpeleke kijana kliniki ya wakubwa kabla ya kumkabidhi ugonjwa wake mwenyewe. Kazi hiyo ianze afikapo miaka 12. Kwanza, ajifunze kutaja ugonjwa wake, dawa zake na dalili za hatari. Pili, atunze daftari lake na kukumbuka siku ya sindano, hata akiwa shule ya bweni. Tatu, apewe nafasi ya kuongea na daktari peke yake. Nazo hospitali zimwandikie barua kamili, mwuguzi amfikishe kwa daktari mpya, na asipoonekana atafutwe.

Kwa wasichana jambo hili ni la kufa na kupona. Mimba huuelemea moyo mgonjwa, na wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi 3 ya kwanza. Lakini kuiacha dawa bila ushauri wa daktari ni hatari vile vile. Binti ayajue haya kabla ya kuolewa, si akiwa tayari mjamzito. Aibu yetu ya kuyasema isije ikamwua.

Akina mama, mliolala sakafuni kando ya vitanda vya watoto wenu, najua ni vigumu kuwaachia. Kumwachia si kumtupa. Mfundisheni pole pole. Kisha, siku ya kliniki, ninyi mkae kwenye benchi la nje, naye aingie peke yake, daftari lake mkononi.