Riwaya Iliyomfungua Mama Kinywa

Ukipita Ruring'u hapa Nyeri utauona uwanja wa michezo, na huenda usijue kwamba hapo ndipo wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walipokuja kusalimisha silaha mbele ya Jomo Kenyatta mnamo Desemba 1963. Mimi nilikulia karibu na uwanja huo. Hata hivyo, kwetu nyumbani habari za vita hazikutajwa. Ukimwuliza mama alikuwa wapi wakati wa Hali ya Hatari, alikutuma maji.

Aliyemfungua kinywa si mwalimu wa historia. Ni riwaya.

Nilikuwa nimeazima A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka wa 1967. Jioni moja tukichambua njahi jikoni, nikaanza kumsimulia mama kwa Kikuyu. Nikamweleza juu ya Mugo, mtu mkimya ambaye kijiji kizima cha Thabai kinamwona shujaa na kumtaka ahutubie sherehe za Uhuru, kumbe yeye ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji aliyenyongwa.

Mama akaweka ungo chini. "Aliyeandika alimjuaje?"

"Mama, huyo ni mtu wa kubuni."

"Hakubuniwa. Mimi nilimjua."

Sikumwuliza jina. Usiku huo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mjomba wangu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa homgadi, na kwamba nyanya aliwapikia wote wawili kwa chungu kimoja, huku akiwaogopa wote wawili.

Wapo wasemao riwaya ni uongo mtupu, afadhali mtu asome historia. Ni kweli, Thabai haimo katika ramani. Lakini kumbuka kwamba Mau Mau iliyopigwa marufuku mwaka wa 1950 ilibaki hivyo kisheria hadi 2003. Miaka hiyo yote wazee wengi walifunga midomo, ilhali riwaya zilikuwa zimekwisha kusema. Hata kwa Kiswahili tulikuwa na Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi, ya 1969. Na ukitaka kujua makuli wa bandari ya Unguja walivyofikia kugoma mwaka wa 1948, soma Kuli ya Shafi Adam Shafi.

Lakini usimeze kila kitu. Mmarekani Robert Ruark naye aliandika juu ya vita hivi hivi katika Something of Value, mwaka wa 1955, vita vikiwa bado vinaendelea, na macho yake yalikuwa zaidi upande wa masetla. Kwa hivyo kabla hujaamini, jiulize: nani ameandika, lini, na alikuwa amesimama upande gani?

Kisha funga kitabu, umwendee mzee wako. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1953 sasa amepita 90. Usimhoji kama polisi. Msimulie hadithi, halafu unyamaze. Mjomba aliyeingia msituni alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza lolote, na hilo hakuna riwaya itakayonilipa.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.