Anayeshukiwa Ashukiwa kwa Lipi?
Kambi ya wakimbizi Wasomali ya Utange, Kisauni, Mombasa, ilifungwa katika miaka ya 1990, lakini jicho la shaka halikuhama. Kijana wa Kisauni akisimamishwa usiku, mara nyingi haulizwi kafanya nini. Huulizwa kitambulisho ki wapi, babake kazaliwa wapi. Shaka za namna hii si ngeni: mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipigwa msasa wote, wasio na hatia wakilazimika kuthibitisha uraia wao. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu bila kukawia, kwa lugha anayoielewa. Kumwambia “unashukiwa tu” ni kumnyima haki hiyo.