Daftari Moja, Mikono Mingi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ni wa kale kuliko kompyuta, lakini ndio unaofaa kupimia jambo linalovuma leo miongoni mwa watengenezaji wa programu, yaani kuwawezesha watu wengi kufanya kazi kwa wakati uleule katika waraka mmoja au hesabu moja. Watengenezaji hulipenda jambo hili kwa kuwa linapanua biashara: anayeanza kuitumia programu humwalika mwenzake, na mwenzake humwalika mwingine. Kikundi cha watu 30 kina jozi 435 za watu wanaoweza kushirikiana. Akiingia mtu wa 31, jozi nyingine 30 huongezeka papo hapo. Lakini yafaa kuuliza ongezeko hilo linamfaa nani.

Wazo lenyewe si geni. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenziwe jinsi watu wawili, waliotengana kwa kilomita 50 hivi, walivyoweza kuutazama na kuushughulikia ukurasa mmoja kwa kompyuta. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walieleza kanuni ya kupatanisha maandishi yanayobadilishwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2006 kampuni ya Google iliinunua programu iitwayo Writely, na kutokana nayo ikapatikana Google Docs, ambayo imewazoesha mamilioni ya watu kuandika pamoja.

Hata hivyo, wananchi wa Usukuma walikwisha kuutambua msingi wa jambo hili bila mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliituhumu mizani ya wanunuzi. Hawakungoja mwisho wa msimu ili walalamike. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mizani na kuuhakiki uzito pale pale unaposomwa. Vyama vyao vya msingi vikaongezeka, na mwaka 1955, katika uongozi wa Paul Bomani, likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Uhakiki ulitangulia, ukuaji ukafuata. Mpangilio huo ndio unaopaswa kuzingatiwa na kila atengenezaye programu ya ushirikiano.

Mfano wa leo ni vikundi vya kuweka na kukopa. Vingi hutunza fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, hata sanduku lisiweze kufunguliwa pasipo wote kuwapo. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 ilikuwa mkoba wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania, pamoja na Benki ya TPB ambayo sasa ni Benki ya Biashara Tanzania, zilileta M-Koba, mkoba wa kikundi kizima. Ni dhahiri kwamba kampuni hapo hupata wateja kwa makundi. Kikundi nacho hupata faida iwapo tu mkoba huo unafanya kazi ya zile kufuli tatu, na iwapo kila mwanachama anaona kilichoingia na kilichotoka.

Hapa ndipo sayansi inapokuwa na neno la kusema. Chukua kikundi chenye shilingi 500,000. Katibu, akiwa Geita, anaidhinisha mkopo wa shilingi 300,000. Dakika ileile mweka hazina, akiwa Shinyanga, anaidhinisha mwingine wa shilingi 400,000. Kila mmoja anaona kwenye simu yake kwamba fedha zinatosha, na kila mmoja ni mkweli. Lakini mikopo yote miwili haiwezekani. Kanuni ya kupatanisha maandishi haitoshi hapa. Sharti maombi yapangwe foleni moja, la kwanza likubaliwe na la pili likataliwe.

Michango ni jambo tofauti. Mwanachama mmoja akitoa 5,000 na mwingine 10,000, jumla ni 15,000, yeyote awaye aliyetangulia. Kujumlisha hakujali mpangilio. Kwa hiyo michango yaweza kuandikwa kwenye simu kadhaa zisizo na mtandao, kisha ikaunganishwa jioni bila kosa, maadamu kila mchango una alama yake ili usihesabiwe mara mbili. Huko vijijini na kwenye machimbo ambako mtandao hukatika, programu inayodai mtandao kila dakika hata kwa kupokea mchango inamtesa mtumiaji bure. Na programu inayoruhusu fedha zitolewe bila kuhakikisha foleni hiyo inamhatarisha.

Mwalimu wa hisabati wa Kambarage, mjini Shinyanga, aweza kulifundisha jambo hili bila kompyuta hata moja. Wanafunzi wanne wapewe nakala za hesabu moja, wakae pembe nne za darasa, waandike michango na mikopo bila kuzungumza, kisha walinganishe karatasi zao. Michango itapatana, mikopo italeta ugomvi. Somo la kanuni za kujumlisha litakuwa limekwisha kueleweka, na somo la uongozi bora pia.

Kwa hiyo kupanuka kwa biashara si kosa, bali kusiwe ndicho kipimo. Idadi ya walioalikwa inaeleza jinsi habari za programu zilivyoenea, wala haielezi kama mama muuza mboga ameziona fedha zake. Programu ya ushirikiano ipimwe kwa maswali matatu: je, kila mwenye haki anaona daftari? Je, palipo na hatari ya kugongana pana foleni ya haki? Je, mtandao ukikatika, kazi isiyohitaji foleni inaendelea? Vijana wanaosoma sasa katika shule za Shinyanga na Geita ndio watakaoandika programu za kesho. Yawapasa wajifunze kumweka mpimaji kando ya mizani kabla ya kuwaita wateja.