Ghorofa za Kikwajuni zibofyeke hata kwenye simu

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi ya kuigawa picha katika maeneo ya kubofya, lakini umeipita simu haraka mno. Thamani za "coords", zinazoweka mipaka ya maeneo hayo katika HTML, huhesabiwa kwa pikseli. Chukua ghorofa zetu za Kikwajuni, mjini Zanzibar, zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukizichorea mipaka kwenye picha ya pikseli 1,000 kwa upana, kisha kioo cha simu kikaibana hadi 360, picha inapungua ila mipaka inabaki ilipokuwa. Ghorofa iliyokuwa kwenye pikseli ya 700 haibofyeki tena! Mimi ningechora kwa SVG, yaani michoro ya vekta, mipaka ikue na kupungua pamoja na picha. Na kila eneo lipewe maelezo ya "alt", kwani ndiyo anayosomewa asiyeona.

Picha za kuanzia zipo. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walirusha droni na kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani. Vijana watumie hizo kuchora ramani ya mitaa yetu. Ramani nyingi za watalii huishia Mji Mkongwe, Ng'ambo yetu, upande wa mji ilipo Kikwajuni, haimo.