Picha za Zanzibar zisiozee makabatini

Ndugu Mhariri,

Tangu sehemu ya Beit el-Ajaib ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, mazungumzo yamekuwa juu ya kuta na nguzo. Jengo hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, linastahili mazungumzo hayo. Lakini tuvikumbuke na vilivyowekwa ndani yake, ukiwemo mtepe, chombo cha baharini kilichosimama uani, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mtoto aliyeuona hakuhitaji maelezo mengi kuhusu wazee wetu na bahari.

Hazina nyingine imo majumbani, nayo ni picha. Studio ya picha ya Capital Art ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, na haikuwa peke yake. Kwetu ipo picha ya harusi ambayo nyuma yake marehemu bibi aliandika kwa penseli majina ya waliosimama, safu kwa safu. Bila maandishi yale, nusu ya sura zile tusingezitambua. Unyevu umeshakula pembe moja.

Naiomba Taasisi ya Nyaraka ya pale Kilimani ipite mitaani, Unguja na Pemba. Watu walete picha, zinakiliwe kwa skana mbele yao, majina yaandikwe, na kila mtu aondoke na picha yake mkononi. Wengi hawatoi picha kwa kuogopa hazitarudi, na siwalaumu. Kazi ianze kwa wazee wa miaka 80 na zaidi, maana majina wanayo wao.

Msomaji wako,
Unguja