Mhandisi wa Maji Apimwe Mwaka wa Kumi

Vijana wetu, mmehitimu, na baadhi yenu mmekwisha kupata barua za kuripoti RUWASA, wakala wa maji vijijini, au katika mamlaka za maji za mijini. Hongereni. Lakini kabla hamjazoea viti vya ofisi, shikeni neno moja: mradi wa maji haupimwi siku utepe unapokatwa. Hupimwa mwaka wa kumi, mama anapofungua koki alfajiri.

Yaliyopita yatufunze. Mwaka 1971 Serikali yetu ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400. Ulipofika 1991, lengo halikutimia. Visima vilichimbwa na mabomba yakalazwa, ila wanakijiji hawakushirikishwa vya kutosha, dizeli ikakosekana, vipuri vikawa adimu. Wajenzi walikuwapo, watunzaji ndio waliopungua.

Basi, kwanza, msiikimbie wilaya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bomba limo ardhini. Lifuate kwa miguu kutoka chanzo hadi kituo cha mwisho. Fuatana na fundi bomba mkongwe. Anajua valvu zilizofukiwa ambazo ramani yako haizionyeshi. Waulize akina mama wanaamka saa ngapi kupanga ndoo. Hapo utajua msukumo wa maji unaishia wapi.

Pili, soma dira ya maji usiku. Saa nane, watu wamelala, dira ya tenki bado inazunguka kwa kasi. Ukishatoa maji yanayojaza matangi ya majumbani, yaliyobaki yanakwenda wapi? Yanavuja, au yanaibwa. Okoa hayo kabla hujaandika barua ya kuomba fedha za chanzo kipya.

Tatu, ilinde saini yako. Bonde lililo mita 90 chini ya tenki hulibana bomba kwa msukumo wa baa 9 hivi. Mkandarasi akileta bomba la baa 6 badala ya 10, na bahasha juu yake, huenda lisipasuke siku ya makabidhiano. Litapasuka wewe ukiwa umehamishwa, na kijiji kitarudi mtoni.

Mtasema vyeo viko makao makuu, na tumbo halishibi mawaidha. Ni kweli. Lakini hata Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimtambui mhandisi mtaalamu kwa shahada tupu; inataka na uzoefu wa kazi. Nao uzoefu umejaa wilayani, ambako kijana mmoja hushughulika na pampu asubuhi, hupima maji mchana, na jioni hukaa na kamati ya maji kujadili bei ya ndoo.

Wekeni daftari la kila mradi mliousaini. Mwaka wa kumi rudini kijijini bila msafara, mbishe hodi nyumba yoyote, muombe maji ya kunywa. Kabla ya kunywa, ulizeni yamechotwa wapi.