Mtalii mzee ni mteja wa mkulima, asiachiwe madalali

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, magari ya watalii hujipanga kando ya Mto Mara, kaskazini mwa Serengeti, yakisubiri nyumbu wavuke. Ndani ya kreta ya Ngorongoro nako simba mmoja aliyelala huweza kuzungukwa na magari kumi au zaidi. Biashara hiyo ina faida kubwa kwa Taifa. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 1,800,000, na mwaka 2024 idadi hiyo ikavuka 2,100,000.

Hata hivyo, miongoni mwa wageni hao wapo ambao, baada ya siku mbili za foleni na vumbi, humuuliza dereva swali ambalo halimo kwenye ratiba: watu wa hapa wanaishi wapi, na wanalima nini? Aghalabu wanaouliza hivyo ni watu wazima, wastaafu waliokwishaona miji mikubwa na fukwe nyingi za dunia. Wanachotafuta sasa ni mahali ambako maisha yanaendelea hata kama mtalii hayupo.

Hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapopaswa kutega sikio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, waliokuwa takriban bilioni 1 mwaka 2020, watafikia bilioni 1.4 ifikapo mwaka 2030. Si wote watakaosafiri, na si wote wenye fedha. Lakini hata sehemu ndogo ya umati huo ni soko ambalo kijiji hakipaswi kulitazama likipita barabarani ndani ya gari lililofunga vioo.

Mstaafu ana sifa ambazo mfanyabiashara yeyote angezipenda. Hafungwi na likizo za shule, hivyo anaweza kuja Oktoba au Februari, wakati nyumba za wageni zina vyumba vitupu. Hana haraka. Atakaa saa nzima akitazama mama akipepeta mahindi, na atauliza kwa nini migomba imepandwa kati ya mibuni. Wengi wao waliwahi kuwa walimu, wauguzi, mafundi au wakulima, na mazungumzo ya mtu wa kazi na mtu wa kazi hayahitaji mapambo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu methali hiyo imegeuka kuwa bidhaa. Jembe ndilo alilolifuata.

Jambo hili si geni nchini. Katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii Tanzania ikishirikiana na shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, ilianzisha mpango wa utalii wa utamaduni uliovihusisha vijiji vyenyewe. Mto wa Mbu, mji mdogo ulio jirani na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara, ni mmojawapo wa mifano inayojulikana zaidi. Pale watu wa makabila mengi walikusanyika kufuata kilimo cha umwagiliaji, na leo mgeni hutembezwa kwenye mashamba ya mpunga na migomba, akaonja pombe ya ndizi na kula chakula kilichopikwa na akina mama wa hapo hapo.

Mkoani Kilimanjaro, mgeni huingia kihambani, akaona mifongo inayoleta maji kutoka mlimani, akachuma kahawa mbivu, akaimenya, akaikaanga kwenye chungu na kuitwanga kwenye kinu kabla ya kuinywa. Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kiliutambua mapema uzito wa jambo hilo, na katika miaka ya 2000 kilianzisha mradi wa Kahawa Shamba ili wakulima wadogo wapate kipato cha wageni juu ya kile cha zao lenyewe.

Huko Lushoto, takriban kilomita 33 kutoka Mombo kwa barabara ya kona nyingi, hewa ni ya baridi na njia za miguu hupita katikati ya makonde ya kabichi, karoti na viazi yanayolisha masoko ya Dar es Salaam. Mzee asiyeweza kupanda Kilimanjaro anaweza kutembea hapo taratibu hadi Irente na kuitazama nyika ya Mkomazi ikiwa chini yake. Kondoa nako, ambako michoro ya miambani iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati imeondoa adha ya safari, lakini wanaofika ni wachache mno wakilinganishwa na wanaokwenda Ngorongoro.

Mahali papo na mteja yupo. Tatizo ni nani anashika fedha. Mara nyingi mgeni hulipa mjini, kwa mtu aliyemkuta hotelini au kituo cha basi. Dalali huyo humpakia kwenye gari, humpeleka kwa mkulima anayemfahamu, na mwisho wa siku humwachia mwenye shamba noti moja kama asante. Mkulima aliyetoa nusu siku ya kazi, kahawa yake na chakula cha nyumbani kwake huwa hajui hata mgeni alilipa kiasi gani. Huo ni ukarimu unaouzwa na mtu mwingine.

Dawa yake si kugombana na kampuni za watalii, kwa kuwa ndizo zenye magari na ndizo zinazoleta wageni. Dawa ni kijiji kuwa na bei yake, iliyoandikwa na kujulikana, na kikundi chenye akaunti benki kinachopokea malipo na kutoa stakabadhi. Chukua mfano wa hesabu. Wageni sita wakilipa Sh40,000 kila mmoja kwa matembezi ya nusu siku pamoja na chakula, jumla ni Sh240,000. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba Sh60,000 ziende kwa akina mama wapishi, Sh60,000 kwa kaya yenye shamba, Sh40,000 kwa mwongozaji, Sh30,000 kwa mhunzi au mfinyanzi aliyetembelewa, na Sh50,000 kwenye mfuko wa kijiji kwa ajili ya bomba la maji au madawati. Kila kijiji kitapanga viwango vyake. La msingi ni kwamba mgawanyo ujulikane kabla mgeni hajafika, na usomwe kwenye mkutano. Kikundi kitakachotaka kwenda mbali zaidi hakina budi kuonana na ofisi za halmashauri ili kuelekezwa juu ya usajili na leseni, kwani biashara ya utalii inasimamiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Jambo la pili ni kumfahamu mteja. Mtu wa miaka 70 hahitaji kubebwa, anahitaji kuambiwa ukweli. Njia ni ya saa ngapi? Ina mteremko? Ikinyesha, utelezi ukoje? Mwongozaji anayesema "ni hapo tu" wakati ni mwendo wa saa mbili amempoteza mteja na rafiki zake wote. Fimbo ya kutembelea iliyochongwa kijijini, kigoda kivulini kila baada ya mwendo fulani, choo safi chenye mahali pa kukalia na pa kunawia mikono, maji ya kunywa yaliyo salama, na namba ya simu ya zahanati ya karibu ni vitu vya gharama ndogo. Vikikosekana, hata shamba zuri namna gani halitarudiwa.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni kutoigiza. Kijiji kikishaona fedha, kishawishi cha kutengeneza maonyesho huja upesi. Ngoma iliyokuwa ya mavuno huchezwa kila siku saa kumi jioni, vijana huvalishwa mavazi ambayo hata babu zao hawakuyavaa, na watoto huacha darasa kwenda kuomba peremende na kalamu. Mgeni aliyekimbia foleni ya magari huko hifadhini atalitambua igizo hilo mara moja, naye ataondoka. Akiondoka atakuwa amekiachia kijiji hasara mbili, ya mteja aliyepotea na ya heshima iliyouzwa rahisi.

Ni heri kumwambia mgeni kwamba leo hakuna ngoma kwa sababu kuna msiba, au kwamba kahawa haijaiva, njoo uone tunavyopogolea. Kalenda ya kilimo yenyewe ina mengi ya kutosha: kuandaa mashamba, kupanda, kupalilia, kuvuna, kukausha, kupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, kwenda gulioni. Siku ya kawaida ya mkulima ndiyo bidhaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, ni kosa kubwa kwa mkulima kuliacha shamba kwa kutegemea wageni. Utalii ni biashara inayoweza kusimama ghafla. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga mipaka na viwanja vya ndege duniani, waliokuwa na migomba na ng'ombe wa maziwa walikula, na waliokuwa wamebaki na ngoma pekee walihangaika. Fedha ya mgeni iwe ni ya juu ya mavuno, isiwe badala ya mavuno.

Lipo pia suala la ardhi, ambalo halizungumzwi kwa sauti inayostahili. Mahali panapoanza kupendwa na wageni hufuatiwa na wanunuzi wa viwanja. Mkulima mwenye konde ukingoni mwa mlima, penye mandhari nzuri, hufuatwa na fedha taslimu ambazo hajawahi kuzishika. Akiuza, baada ya miaka michache huenda akajikuta mlinzi wa geti kwenye shamba lililokuwa la baba yake, huku wageni wakipita kutazama mandhari aliyoiuza. Kabla ya kusaini, kuna haja ya kuuliza kama upangishaji au ubia hauwezekani, na familia nzima ishirikishwe.

Wafanyabiashara wadogo nao wasidhani kwamba haya hayawahusu. Mwenye nyumba ya wageni yenye chumba kimoja cha chini kisicho na ngazi, mama lishe anayepika makande vizuri, dereva wa teksi anayeendesha taratibu, muuza asali na muuza vikapu, wote wana nafasi. Masharti yao ni mawili: bei moja kwa kila mtu, na mzigo unaolingana na maneno. Mgeni anayegundua kwamba kikapu alichoambiwa kimesukwa kijijini kilitoka kiwandani, hatanunua tena hata kile kilichosukwa mbele ya macho yake.

Isitoshe, mgeni mzee si lazima atoke ng'ambo. Wapo Watanzania wengi waliostaafu baada ya miaka 30 ya utumishi bila kuona kona nyingine ya nchi yao, na wapo waliosoma shule za bweni Lushoto au Moshi ambao wangefurahi kurudi. Kijiji kikiweka bei wanayoimudu, kitakuwa na wateja hata pale ndege za nje zinapopungua.

Halmashauri, maofisa utamaduni na vyama vya ushirika wana wajibu wa kuvisaidia vikundi hivi kwa mafunzo ya huduma ya kwanza, ya lugha na ya kutunza hesabu, badala ya kusubiri ushuru peke yake. Lakini hatua ya kwanza ni ya kijiji chenyewe: kukaa, kupanga bei, kuchagua mhasibu mwaminifu na kusafisha choo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ameshaanza kuja, tena kwa kuulizia shamba. Ni juu ya mwenye shamba kuhakikisha kwamba anayepona ni yeye, wala si dalali wa kituo cha basi.